Njia ya Bafwasende: juu ya nini pikapu za turbo zinachemka, na nani analipa

Kisangani – Ingia katika garaji ya mji huu na useme pikapu yako inachemsha maji. Mara nyingi utapata moja ya majibu matatu hata kapo haijafunguliwa: toa termostati, ongeza maji, ao jwenti ya kulase imekufa. Kila jibu linaweza kuwa la kweli siku moja. Lakini likitolewa mbele ya kupima, ni sawa na kumpa mgonjwa dawa ya malaria kwa kumuangalia tu usoni. Na katika Tshopo, pikapu ikifia njiani hasara haimfikie mwenye gari peke yake.

Tshopo ndiyo jimbo kubwa kuliko yote ya Congo, karibu kilomita za mraba 200,000. Mto unaleta vitu toka Kinshasa polepole, na reli ya Ubundu haivuke kilomita 125. Kinachobaki ni barabara. Kuna nambari 3, ya Lubutu na Walikale kuelekea Bukavu, ambayo kwa miaka mingi vipande vyake vimekuwa pori na matope. Kuna nambari 4, inayopita Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa na Komanda hadi Beni na mpaka wa Kasindi. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari. Tangu hapo hesabu za wachuuzi wa mashariki zimegeuka, na wale wa Kisangani wanaotafuta sabuni, chumvi, nguo na piesi za gari wamezidi kuangalia upande wa nambari 4.

Kamio ndizo zinabeba tonasi nyingi. Lakini kamio ikilala wiki nzima katika shimo, pikapu ndiyo inapita pembeni yake. Pikapu ndiyo inafika kwenye kituo cha afya na boksi la chanjo, ndiyo inarudi na mama aliyeshindwa kuzaa, na mchele, na bidoni za mafuta ya ngazi. Ikichemka kilomita 80 mbele ya Bafwasende, hakuna nyingine nyuma yake inayongoja.

Zamani mambo yalikuwa tofauti kidogo, na ni vizuri kujua tofauti hiyo. Magari yaliyowafundisha mafundi wengi wa mashariki ni Land Cruiser zenye motere ya 1HZ: litri 4.2, mazutu, bila turbo, kulase ya chuma kizito. Motere ile inavumilia. Inaweza kuchemka asubuhi, ikapoe, ikatiwe maji ya kijito, na jioni ikaendelea. Siyo kwamba haiumii, ila inaumia polepole. Halafu zikaja Hilux za D-4D, litri 2.5 na 3.0, na toka 2015 zile za litri 2.4 na 2.8. Hizi ni ndogo, zina turbo, na kulase yao ni ya aluminiumu. Aluminiumu ikizidi joto inapinda. Mara moja tu inaweza kutosha. Shofere aliyezoea 1HZ anaendesha D-4D na desturi za 1HZ, na hapo ndipo hasara kubwa inaanzia.

Turbo yenyewe inafanya nini? Moshi unaotoka kwenye motere unazungusha gurudumu dogo, zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na gurudumu hilo linasukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Hewa nyingi inaruhusu mazutu mengi, na mazutu mengi yanaleta nguvu. Kwa hiyo motere ya litri 3 inavuta kama motere kubwa. Lakini joto nalo linakuwa la motere kubwa. Kwa hesabu ya kawaida, theluthi moja hivi tu ya nguvu iliyomo ndani ya mazutu inageuka kazi kwenye magurudumu. Theluthi ingine inatoka na moshi, na ile ya tatu inapaswa kubebwa na maji hadi kwenye radiateri, halafu itupwe hewani. Kila kinachopunguza uwezo wa kutupa ile theluthi ya tatu kitaonekana siku gari imebeba mzigo.

Sasa weka gari hiyo kwenye nambari 4 baada ya mvua. Hilux imetengenezwa kwa mzigo wa tonasi moja hivi, pamoja na watu. Juu yake kuna mifuko, kuku, abiria wanane na matela. Njia ni matope, mwendo ni kilomita 10 kwa saa, turbo inasukuma kwa nguvu yote, na hakuna upepo unaoingia mbele. Mashofere wengi wanabaki katika vitesi za kawaida wakikanyaga aksileri hadi chini, kumbe vitesi ndogo za 4x4 zingewapa nguvu ileile na magurudumu yanayozunguka polepole, motere ikipumua. Kwa saa kama hizo gari inategemea ventilateri tu. Ventilateri ikiwa dhaifu, maji yatachemka hata kama kila kitu kingine ni kipya.

Hapo ndipo ulizo la kwanza la fundi mzuri linapatikana, na halihitaji chombo chochote: inachemka saa gani? Ikichemka gari ikienda polepole ao ikisimama, lakini inapoa ikipata njia nzuri na mwendo, shida ni ya hewa. Ikichemka wakati wa mwendo mkali ao kwenye kilima kirefu na mzigo, ila ni sawa mjini, shida mara nyingi ni ya maji kutozunguka vya kutosha: radiateri imeziba ndani, pompi imechoka, tiyo ya chini inajikunja. Ikichemka haraka hata bila mzigo, na asubuhi tiyo ya juu inakuwa ngumu dakika chache tu baada ya kuwasha, hapo ndipo kulase inaanza kushukiwa. Ulizo moja hilo linaweza kuokoa wiki ya kazi na pesa ya piesi ambazo hazikuhitajika.

Tuchukue ile ya hewa, kwa sababu ndiyo inayosahauliwa zaidi katika mazingira ya msitu. Mbele ya radiateri ya maji kuna radiateri ya baridi ya kabini (klima), na kati ya hizo mbili kuna nafasi nyembamba. Matope, majani na vipepeo (na nani amepita njia ya Ituri bila kukuta mawingu ya vipepeo kwenye madimbwi?) vinajaa pale. Ukiangalia kwa mbele unaona klima safi, unasema radiateri ni safi. Sivyo. Lazima taa ipigwe kwa nyuma, na jicho litafute mwanga kwa mbele. Kusafisha ni kwa maji ya mkazo mdogo na sabuni, toka upande wa motere kuelekea nje, si kinyume. Ile mashini ya kuosha kwa mkazo mkubwa inalaza visahani vyembamba vya radiateri, na hapo hewa haipite tena milele.

Kisha ventilateri. Kwenye pikapu nyingi hizi haizungushwe na umeme, inazungushwa na motere kupitia kikombe chenye mafuta mazito ya silikoni. Kikipata joto, mafuta yale yanashika na ventilateri inavuta kwa nguvu, kikipoa, inaachia. Mafuta yakivuja, ventilateri inazunguka kwa uvivu siku zote. Kipimo: motere ikiwa moto, izimishe, halafu zungusha ventilateri kwa mkono. Inapaswa kukataa. Ikizunguka yenyewe mara tatu, ine, kikombe kimekufa. Wengine wanakifunga kwa bulo ili kishike siku zote. Inasaidia kufika mjini, ndiyo, lakini siku ya kupita ndani ya maji marefu ventilateri inaweza kujikunja na kukata radiateri.

Tena kuna ile kofia kubwa ya plastiki inayozunguka ventilateri. Katika magari mengi haipo tena. Fundi aliitoa siku ya kubadilisha kurwa, akaona gari inatembea bila hiyo, akaiacha nyuma ya garaji. Bila kofia ile ventilateri inavuta hewa toka popote karibu yake badala ya kuivuta kupitia radiateri. Na kwa mbele, parebufle pana, taa kubwa sita na bidoni zilizofungwa vinafunga mulango wa hewa. Gari inapendeza, motere inakosa pumzi.

Sasa maji. Katika Kisangani watu wengi wanaamini kwamba yale maji ya rangi ya radiateri ni ya nchi za barafu, kwa hiyo hapa ni kupoteza pesa. Jina lake la Kifaransa ndilo linadanganya. Kazi yake ya pili, na kwetu ndiyo ya kwanza, ni kuzuia kutu ya chuma na kulinda aluminiumu. Maji ya vijito vya msitu wetu yanabeba matope na asidi ya majani yaliyooza. Miaka miwili ya maji hayo na ndani ya radiateri kunakuwa na uji wa rangi ya matofali, mabawa ya pompi yanalika, na uso wa kulase pale jwenti inapokaa unatobolewa kidogokidogo. Kwa yule asiye na uwezo wa kununua maji ya rangi kila mara, kuna kitu Kisangani haikosi: mvua. Maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi, baada ya mabati kuoshwa na mvua ya kwanza, ni bora mara nyingi kuliko maji ya mto ao ya kisima. Hayachukue nafasi ya dawa ya kuzuia kutu, lakini hayaleti matope.

Na bushoni ya radiateri. Ni piesi ndogo, ya bei ndogo, na mara nyingi ndiyo mwenye kosa. Kwenye bushoni ya Toyota kumeandikwa 1.1 ao 108 kPa. Maana yake inafunga mkazo, na maji yaliyo chini ya mkazo huo hayachemke kwa digrii 100 bali karibu 120. Bushoni ikiwa imechoka ao ya bandia, kinga hiyo inapotea. Kisangani, mita 400 na kidogo juu ya bahari, maji yasiyo na mkazo yanachemka karibu na digrii 99. Butembo, karibu mita 1,750, yanachemka kwa 94 hivi. Ndiyo maana gari inayovumilia katika bonde la mto inaweza kuanza kutoa mvuke ikipanda toka Beni kwenda Butembo, na shofere anasema imelogwa na kilima.

Inabaki ile shauri maarufu ya kutoa termostati. Imetoka kwenye motere za zamani ambazo zilikubali. Katika motere nyingi za mazutu za Toyota, termostati ina kazi mbili: ikifunguka inaacha maji yaende radiateri, na wakati uleule sahani yake ya chini inaziba njia fupi inayorudisha maji kwenye motere. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi. Sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya motere bila kuonja radiateri. Kwa hiyo siku ya mzigo mkubwa gari isiyo na termostati inaweza kuchemka zaidi kuliko ile iliyo nayo. Na siku ya baridi ya asubuhi haifike joto lake la kazi, inakula mazutu na kutoa masizi. Kuipima ni kazi ya jikoni. Itundike kwa kamba ndani ya sufuria ya maji juu ya makala. Kwenye mwili wake kumegongwa namba, mara nyingi 80 ao 82. Mbele ya maji kuchemka kabisa, inapaswa kuwa imefunguka waziwazi. Haikufunguka? Tupa. Hata ile mpya toka dukani inastahili sufuria kwanza, maana za bandia zinapita mpaka kwa njia ileile ya zile za kweli.

Kulase ndiyo ugonjwa unaotangazwa kuliko unavyokuwepo. Kuifungua ni kazi ya siku, jwenti, bulo mpya, na kupeleka kulase kwa mwenye mashini ya kuisawazisha. Mbele ya kulipa hayo, mwenye gari ana haki ya kuomba ushahidi. Ushahidi wa kwanza: motere baridi, tiyo ya kutoa maji ya ziada itiwe ndani ya chupa ya maji, motere iwashwe. Mapovu yanayotoka bila kukoma ni moshi wa silinda unaoingia kwenye maji. Wa pili: asubuhi, baada ya gari kulala usiku mzima, bushoni ikifunguliwa inatoa mkazo kama chupa ya soda. Wa tatu: mafuta ya motere yamekuwa kama chai ya maziwa. Maji kupotea peke yake hakutoshi. Motere mpya zina kipoza cha moshi unaorudishwa ndani, ambacho maji yanapita humo. Kikipasuka, maji yanapotea bila tone chini na moshi mweupe unatoka nyuma. Kulase nyingi zinaweza kufunguliwa juu ya kosa la kipoza hicho. Kukiziba kwa muda na kuendesha siku mbili kunaonyesha ukweli kwa bei ya kipande cha bati.

Ni lazima pia kusema kwamba mshale wa tabulo haufai kuaminiwa sana. Umetengenezwa usisumbue watu: unakaa katikati toka digrii 80 hivi hadi zaidi ya 100, halafu unaruka wote kwa mara moja. Ukiuona umepanda, umechelewa. Na maji yakiisha kabisa, kipimo kinabaki ndani ya mvuke ao hewa tupu, mshale unaweza hata kushuka, shofere anafurahi, motere inakufa. Siku hizi kuna kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya tabulo na kusomwa kwa simu. Kinatoa namba yenyewe, na si cha bei kubwa ukilinganisha na kulase moja. Kwenye D-4D ni chombo cha kwanza mwenye gari angeweza kununua.

Njiani, mshale ukianza kupanda na maji bado yapo, kuzima mara moja si dawa. Ondoa mguu, zima klima, washa shofaje kwa moto wote na fungua madirisha, kwa sababu shofaje ni radiateri ndogo ya pili. Simama, acha motere ipigie taratibu na uangalie kama mshale unashuka. Turbo nayo inaomba dakika hizo: ikizimwa ikiwa nyekundu, mafuta yanabaki yameungulia kwenye shimo lake na baada ya miezi inaanza kulia. Lakini kama mvuke unatoka ao tiyo imepasuka, zima papo hapo. Na bushoni isiguswe, hata kwa kitambaa, mpaka mkono uweze kukaa juu ya tiyo ya juu bila kuungua. Mara nyingi ni zaidi ya nusu saa. Maji ya digrii 110 yanayofunguliwa yanageuka mvuke usoni mwa mtu. Aliyeungua atiwe maji safi ya baridi dakika 20, si mafuta ya motere wala dawa ya meno, halafu apelekwe kituo cha afya. Maji ya kijito yasimwagwe yote kwa mara moja ndani ya motere ya moto: aluminiumu inapasuka. Kidogokidogo, motere ikiwa imepoa.

Kwa nini basi mambo haya yasiyokuwa magumu hayafanywi? Jibu si ujinga wa mafundi peke yake. Angalia namna gari inavyofanya kazi. Mwenye gari yuko mjini, Makiso ao Tshopo, anangoja pesa yake kila safari. Shofere analipwa akifika. Akisimama saa nzima kupoza motere, abiria wanapiga kelele na mzigo unachelewa. Maji ya rangi, bushoni mpya, kusafisha radiateri havina mtu wa kuvilipia, kwa sababu gari bado inatembea. Kulase ikipinda ndipo pesa inatafutwa, na inakuwa mara kumi. Fundi naye analipwa kwa piesi aliyobadilisha, hakuna anayemlipa kwa saa aliyotumia kutafuta kosa. Akisema "nipe nusu siku nipime", anaonekana hajui kazi. Anayesema "kulase" papo hapo ndiye anayeitwa fundi.

INPP, iliyoanzishwa 1964, ndiyo shirika la serkali la kufundisha kazi za mikono, na ingeweza kuwapokea mafundi wa mtaani kwa mafunzo mafupi ya motere za turbo. Wengi wao walijifunza kwa macho, pembeni ya 1HZ. Upande wa barabara, FONER ipo toka 2008 na inakusanya pesa kwenye mafuta na kwenye peaje ili njia zitengenezwe. Shofere anayelipa peaje halafu anaingia katika shimo linalomeza nusu ya gurudumu ana haki ya kuuliza pesa ile inaenda wapi, na ulizo lake linahusu motere pia: kila kilomita ya matope inayopitwa kwa vitesi ya kwanza ni joto ambalo gari haikutengenezwa kulibeba siku nzima.

Mwenye mzigo sokoni anayalipa hayo yote bila kuonyeshwa fakture. Kulase iliyopinda Bafwasende inaingia ndani ya bei ya usafiri wa mwezi ujao, na toka hapo ndani ya bei ya kipande cha sabuni. Mbele ya kupakia kwenda Nia-Nia, kuangalia maji, bushoni, kofia ya ventilateri na nafasi ile kati ya klima na radiateri ni kazi ya robo saa, motere ikiwa baridi, asubuhi, mbele ya abiria kupanda.